UZI: Arvid Carlsson, sungura wa Lund na kemikali iliyotuonyesha Parkinson ni nini

#1 Mwana wa Maabara

Wakuu, habari za muda huu.

Aliyewahi kuishi na mgonjwa wa Parkinson anaijua hali hii. Mtu ameamka, ameketi ukingoni mwa kitanda, anataka kusimama na miguu haimtii. Uso umekakamaa, sauti imefifia, kifungo cha shati kinamshinda. Anameza kidonge. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo, mtu yule yule anasimama, anatembea hadi mlangoni, anajifunga vifungo mwenyewe. Wasiojua wanasema anajidekeza: mbona sasa hivi anaweza? Hajidekezi. Kilichobadilika katika muda huo ni kiasi cha kemikali moja ndani ya ubongo wake, dopamini. Nataka tuzungumze jinsi kemikali hiyo ilivyojulikana, hasa kazi ya Arvid Carlsson wa Uswidi, kwa sababu naamini anayeielewa historia hii atamhudumia mgonjwa wake vizuri zaidi.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa London mwaka 1817 na daktari James Parkinson, katika kijitabu kuhusu wagonjwa 6. Baadhi yao hakuwahi hata kuwatibu, aliwaona tu barabarani. Aliandika juu ya mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, mwili unaoinamia mbele, na hatua fupi fupi zinazogeuka kuwa mbio bila mwenyewe kutaka. Shida iko wapi, hakujua. Miaka ikapita hadi 1919, Konstantin Tretiakoff, akiwa Paris, alipoonyesha kwamba kwa wagonjwa hawa eneo dogo katika shina la ubongo, linaloitwa substansia nigra, limepauka. Kwa kawaida eneo hilo lina weusi unaoonekana kwa macho, kwa sababu ya rangi iliyomo ndani ya seli zake. Kwa wagonjwa, seli hizo nyingi zilikuwa zimekufa.

Basi mahali palijulikana. Kazi ya seli zile haikujulikana, na hali ikabaki hivyo mpaka miaka ya 1950.

#2 Mwana wa Maabara

Tuendelee.

Carlsson alizaliwa Uppsala mwaka 1923 na kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Lund. Mwaka 1955 alikwenda Bethesda, Marekani, akakaa miezi kadhaa kwenye maabara ya Bernard Brodie. Watu wa Brodie walikuwa wamegundua jambo kubwa: reserpini, dawa iliyotokana na mmea wa Rauwolfia na iliyotumika kushusha presha na kutuliza wagonjwa wa akili, inamaliza akiba ya kemikali iitwayo serotonini mwilini. Carlsson alirudi Lund na swali lake: ni serotonini peke yake? Akishirikiana na Nils-Åke Hillarp, akakuta reserpini inamaliza pia adrenalini na noradrenalini. Kwa hiyo haikujulikana tena ni upungufu wa kemikali ipi unaomfanya mnyama atulie.

Hapo ndipo wanapoingia sungura. Sungura aliyepewa reserpini hasogei. Masikio yamelala, macho yamefumba nusu, ukimsukuma anabaki pale pale ulipomwacha. Carlsson na wenzake, Margit Lindqvist na Tor Magnusson, waliwadunga malighafi ambazo mwili hutumia kutengenezea kemikali zilizopotea. Malighafi ya serotonini haikuwaamsha. Wakajaribu L-DOPA, malighafi ya noradrenalini. Ndani ya robo saa hivi masikio yakasimama, sungura wakaanza kutembea kama kwamba hakuna kilichowapata. Hiyo ni 1957.

Sasa someni hatua inayofuata kwa makini, maana kwangu ndiyo inayoonyesha ukubwa wa mtu huyu. Ilikuwa rahisi kabisa kuandika kwamba noradrenalini imerudi na sungura wameamka. Maelezo yangekubalika na wengi. Wao walichukua ubongo wa wale sungura wakapima. Noradrenalini haikurudi. Akiba ilikuwa bado tupu, na mnyama alikuwa akikimbia.

Ikabidi waulize: L-DOPA imegeuka nini? Katika safari yake kuelekea kuwa noradrenalini, L-DOPA hupitia kwanza hatua ya dopamini. Dopamini ilikuwa imetengenezwa maabarani London tangu 1910, lakini ilihesabiwa kuwa kituo cha njiani tu, kitu kisicho na kazi yake chenyewe. Kundi la Carlsson likaunda njia ya kuipima, na mwaka 1958 likatangaza kwamba dopamini imo ndani ya ubongo kwa kiasi kisichopungua kile cha noradrenalini, reserpini inaifuta, na L-DOPA inairudisha. Kwa haki, tumtaje pia Kathleen Montagu wa Uingereza, aliyeripoti mwaka 1957 kwamba ameikuta kwenye ubongo.

Mwaka 1959 Åke Bertler na Evald Rosengren, hapo hapo Lund, wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya dopamini haikusambaa ovyo. Imejaa kwenye striatamu, eneo la ndani ya ubongo linaloshughulika na mwendo wa mwili. Ilishajulikana pia kwamba baadhi ya watu wanaotumia reserpini hukakamaa na kutetemeka mithili ya wagonjwa wa Parkinson. Carlsson akaunganisha vipande hivyo: huenda Parkinson ni ugonjwa wa kukosa dopamini.

#3 Kaka Mdadisi

Mkuu, uzi mtamu huu. Swali langu: kama kinachokosekana ni dopamini, kwa nini wahangaike na malighafi? Si wampe mgonjwa dopamini yenyewe?

#4 Mwana wa Maabara

Swali zuri sana, kaka. Kuta za mishipa midogo ya damu inayopita kwenye ubongo zimebana mno, haziruhusu kila kitu kilichomo kwenye damu kuingia. Dopamini ni miongoni mwa vinavyozuiwa. Ukimdunga mtu dopamini, moyo na mishipa vitaipata, na ndiyo maana inatumika kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi kuinua presha iliyoporomoka. Ubongo hauipati.

L-DOPA ni amino asidi, ndugu wa zile tunazopata kwenye vyakula vya protini, na ubongo una wabebaji maalumu wa kuzipitisha amino asidi. Ikishavuka, kimeng'enya kilichomo humo huigeuza kuwa dopamini. Lishike jambo hili la wabebaji, tutalirudia kwenye suala la chakula.

#5 Bint Zuhura

Shukrani mkuu. Mimi mama yangu ana ugonjwa huu, nasoma kila mstari. Endelea tafadhali.

#6 Mwana wa Maabara

Pole sana dada, na mama naye mpe pole. Naendelea, na nitafika kwenye mambo ya kumsaidia.

Machi 1960 ulifanyika mkutano London wa wataalamu wa kemikali za aina hii. Carlsson alikwenda na matokeo yake, akakutana na ukuta. Henry Dale, aliyekuwa na Tuzo ya Nobel tangu 1936 na aliyeheshimiwa kuliko wote ukumbini, aliizungumzia DOPA kama sumu. Marthe Vogt, mtafiti mahiri kwelikweli, hakushawishika kwamba kemikali hizi zinaendesha tabia na mwendo. Msiwaone wajinga. Wakati ule wataalamu wengi waliamini seli za ubongo zinazungumza kwa umeme, na kemikali ni mambo ya mishipa ya fahamu iliyo nje ya ubongo. Carlsson alikuwa anawaambia kwamba kiungo wanachokijua si kile walichodhani. Nampenda kwa sababu hakujibu kwa maneno. Aliendelea kupima. Hillarp na Bengt Falck wakaja na mbinu ya kuzifanya kemikali hizi zing'ae chini ya hadubini, na watu wakaona kwa macho yao dopamini imekaa ndani ya seli za neva, kwenye ncha zile zile zinazopeleka ujumbe kwa jirani. Ubishi ukaisha taratibu.

Wakati huo huo, Vienna, kijana Oleh Hornykiewicz aliuliza swali ambalo sungura hawawezi kulijibu: binadamu je? Huyu alizaliwa 1926 karibu na mji wa Lviv, ambao leo uko Ukraini. Yeye na Herbert Ehringer walikusanya ubongo wa watu waliofariki, wenye Parkinson na wasio nayo, wakapima dopamini kwenye striatamu. Njia waliyotumia ilikuwa ya rangi: palipo na dopamini, kimiminika kwenye bomba la kioo kinageuka waridi. Sampuli za watu wasio na ugonjwa ziligeuka waridi. Za wagonjwa wa Parkinson karibu hazikubadilika. Hakuhitaji hata mashine kuona tofauti. Aliona kwa macho, mwenyewe, upungufu wa kemikali ndani ya ubongo wa binadamu mgonjwa. Walichapisha mwaka huo huo wa 1960, wagonjwa wa Parkinson wakiwa 6.

Hornykiewicz hakukaa na matokeo. Alimfuata daktari wa neva, Walther Birkmayer, akamwomba awajaribie wagonjwa L-DOPA. Julai 1961 wakaanza kuwadunga. Watu waliokuwa hawawezi kujiinua kitandani walikaa. Waliokuwa wamekaa bila kuweza kusimama, wakasimama. Waliosimama bila kuweza kuanzisha hatua, wakatembea. Athari iliisha baada ya saa chache, lakini jambo lilikuwa limethibitika.

#7 Mzee wa Kitabu

Nimefuatilia kwa heshima kubwa. Je, baada ya hapo dawa ilianza kutumika mara moja?

#8 Mwana wa Maabara

Shikamoo mzee wangu. Hapana, ilichukua miaka. Dozi ndogo zilitoa matokeo yasiyotabirika, dozi kubwa zilitapisha. Kutapisha kwake kulijulikana zamani: Marcus Guggenheim, aliyeitoa L-DOPA kwenye maharagwe ya faba mwaka 1913 huko Uswisi, alimeza gramu 2.5 mwenyewe akatapika vibaya.

Aliyepata njia ni George Cotzias, Marekani, mwaka 1967. Alianza na dozi ndogo ya kumeza, akaipandisha kidogo kidogo kwa wiki nyingi hadi gramu nyingi kwa siku, mwili ukazoea. Wagonjwa wakapata nafuu inayodumu. Baadaye ikaongezwa karbidopa au benserazidi, dawa zinazozuia L-DOPA isigeuzwe kuwa dopamini huko nje kabla haijafika kwenye ubongo. Hizo zenyewe haziingii kwenye ubongo, kwa hiyo huko kazi inaendelea kama kawaida. Kichefuchefu kikapungua sana na kiasi kinachohitajika kikashuka kwa zaidi ya nusu. Kidonge wanachomeza wagonjwa leo ni mchanganyiko huo.

Carlsson alipewa Nobel mwaka 2000 pamoja na Paul Greengard na Eric Kandel. Hornykiewicz aliachwa. Wanasayansi zaidi ya 200 waliandika barua ya wazi kulalamika, na mimi nasimama upande wao. Aliyeonyesha upungufu ndani ya ubongo wa binadamu na kusukuma dawa imfikie mgonjwa alistahili kusimama pale jukwaani. Nafasi ilikuwa imejaa kwa kuwa tuzo hairuhusu zaidi ya watu watatu, lakini hilo halinishawishi.

#9 Nyota Njema

Ndugu, baba yangu ana Parkinson. Mwaka jana alikuwa akitapika, akapewa dawa ya kuzuia kutapika. Siku zilizofuata alikakamaa hata kumeza mate ikawa kazi. Tukaambiwa ugonjwa umepanda ghafla. Baada ya ile dawa kuisha alirudi hali yake. Hii inahusiana na unayoyasema?

#10 Mwana wa Maabara

Pole ndugu yangu. Kwa maelezo yako inawezekana sana, ingawa siwezi kuthibitisha bila kujua alipewa nini. Tazama jina la dawa kwenye kumbukumbu zake. Kama ni metoklopramidi, jibu unalo.

Hili nalo linatoka kwa Carlsson. Mwaka 1963 yeye na Lindqvist walionyesha kwamba dawa za kutibu wagonjwa wa akili kama klopromazini na haloperidoli haziondoi dopamini. Zinaziba vipokezi, yaani sehemu kwenye seli inayopokea ujumbe ambapo dopamini hujishikiza ili isikike. Dopamini ipo, haisikiki. Metoklopramidi inaziba vipokezi hivyo hivyo, na inaingia kwenye ubongo. Kwa mtu ambaye dopamini yake ni chache tayari, matokeo ni kama umemnyang'anya kidonge chake. Daktari anaweza kuchagua domperidoni, ambayo haiingii kwenye ubongo kwa urahisi, akiangalia kwanza hali ya moyo wa mgonjwa.

Kila mwenye mgonjwa: popote mnapokwenda kutibiwa, hata kama ni jino au malaria, sema mapema kwamba ana Parkinson, na ulizia kila dawa mpya ya kutapika au ya kutuliza akili. Mgonjwa anayechanganyikiwa usiku akipewa haloperidoli anaweza kuganda kwa siku kadhaa.

#11 Bint Zuhura

Mkuu, mama kidonge cha mchana hakimshiki kama cha asubuhi. Na siku hizi dawa ikiwa imemkolea anakuwa anacheza cheza mwili bila kutaka, shingo na mabega. Naogopa dawa inamdhuru.

#12 Mwana wa Maabara

Dada, hayo ni mambo mawili tofauti, tuyatenge.

La kwanza, mchana. Mama anakula nini na saa ngapi? Mlo mzito wa nyama, samaki, mayai au maharage unaingiza amino asidi nyingi kwenye damu, na zote zinagombania wabebaji wale wale niliowataja wanaovusha L-DOPA. Dawa imemezwa, imefika kwenye damu, foleni imeizuia. Kwa wengi inasaidia kumeza kidonge nusu saa au zaidi kabla ya chakula, na baadhi hushauriwa kuhamishia sehemu kubwa ya protini mlo wa jioni. Asiache protini, atakonda na kudhoofu.

La pili, kucheza kwa mwili. Ubongo wenye afya hutoa dopamini kidogo kidogo muda wote. Kidonge huileta kwa wimbi: inapanda, inashuka. L-DOPA haikai kwenye damu, ndani ya saa moja na nusu hivi nusu yake imeshaondoka. Miaka ya mwanzo, seli zilizobaki zinaipokea, zinaihifadhi na kuitoa taratibu, kwa hiyo mawimbi hayaonekani. Seli zikizidi kufa, hakuna tena wa kuhifadhi. Mgonjwa anaanza kuuhisi mpando na mshuko: kileleni anacheza mwili, bondeni anaganda. Kwa hiyo dawa haijageuka sumu, ghala ndilo limepungua. Daktari anaweza kugawa dozi iwe ndogo na ya mara nyingi zaidi, au kuongeza dawa nyingine. Wapo pia wanaofaa kuwekewa waya za umeme ndani ya ubongo, upasuaji ulioanzia Grenoble, Ufaransa, kwa kazi ya Alim-Louis Benabid mwaka 1987.

Usimpunguzie wala kumkatizia dawa mwenyewe. Kuikatiza ghafla ni hatari, mwili unaweza kukakamaa kabisa na kupandisha homa kali.

#13 Kaka Mdadisi

Nimesikia mbegu za upupu zina hiyo L-DOPA. Kweli?

#14 Mwana wa Maabara

Kweli kabisa. Mbegu za upupu zina L-DOPA kwa asilimia kadhaa ya uzito wake, na zimejaribiwa kwa wagonjwa mahospitalini zikafanya kazi. Watafiti wanaendelea nazo kwa sababu wapo watu wengi duniani ambao vidonge haviwafikii, na mimi naiona kazi hiyo ni ya maana kubwa. Ila kiasi cha L-DOPA kinatofautiana mbegu kwa mbegu, na haina karbidopa ndani yake, kwa hiyo kichefuchefu na kushuka kwa presha vinarudi. Anayetumia vidonge akiongeza unga wa upupu kimya kimya anazidisha dozi bila daktari kujua. Zungumza naye kwanza.

#15 Mzee wa Kitabu

Swali la mwisho kwangu, kijana wangu. Yote haya yanarudisha kemikali. Kinachoua zile seli ni nini?

#16 Mwana wa Maabara

Mzee wangu, umegusa penyewe. Carlsson na Hornykiewicz walijibu nini kinakosekana. Nini kinaua bado ni swali lililo wazi, na dalili za mwendo huanza kuonekana dopamini ya striatamu ikiwa imeshapungua sana, kiasi cha asilimia 70 au 80. Miaka ya nyuma yake seli zilikuwa zinakufa kimya.

Dalili za njia zipo. Mwaka 1997 ilijulikana kwamba baadhi ya familia zinazorithi ugonjwa huu zina hitilafu kwenye jeni la protini iitwayo alfa-sinukleini, na mwaka huo huo ikaonekana kwamba protini hiyo ndiyo imejaa kwenye mabonge yanayokutwa ndani ya seli za wagonjwa, hata wasio na historia ya ugonjwa kwenye familia. Mabonge hayo Friedrich Lewy aliyaona tangu 1912.

Na kuna jambo la Lund tena. Mwaka 1987 kundi la Anders Björklund na Olle Lindvall lilianza kupandikiza kwenye ubongo wa wagonjwa seli changa zinazotengeneza dopamini. Baadhi walipata nafuu ya miaka mingi. Lakini mwaka 2008 watafiti waliochunguza ubongo wa wagonjwa waliokuwa wamepandikizwa seli za aina hiyo zaidi ya miaka 10 kabla ya kufariki, walikuta mabonge ya Lewy ndani ya seli zilizopandikizwa. Seli za mtu mwingine, changa kuliko mgonjwa kwa miongo mingi, zilikuwa zimeanza kuugua baada ya kukaa kwenye ubongo ule. Mimi habari hiyo ilinikosesha raha, kwa sababu inaashiria kwamba ugonjwa unaweza kusambaa kutoka seli hadi seli, na kujaza ghala upya hakutoshi kama kinacholibomoa bado kimo ndani.

Kazi haikusimama. Mwaka 2025 watafiti wa Kyoto walichapisha matokeo ya wagonjwa 7 waliopandikizwa seli za dopamini zilizokuzwa maabarani, na seli hizo ziliishi na kutengeneza dopamini bila kuleta uvimbe. Wakati huo huo wengine wanajaribu kingamwili za kuikamata alfa-sinukleini kabla haijajikusanya. Matokeo mpaka sasa hayajafikia kuitwa tiba.

Bint Zuhura, kabla ya kliniki ijayo ya mama, andika kwenye daftari kila siku saa anayomeza kidonge, saa anayokula, saa anayoanza kucheza mwili na saa anayoganda. Daktari akiuona mpangilio huo atajua pa kugusa. Ukihitaji, weka hapa tuusome pamoja.